Barua ya wazi kwa wakuu wa Baku na Yerevan: Njia mmekubaliana, makaburi je?

Tanga, 27 Septemba 2025

Kwa Mheshimiwa Ilham Aliyev, Rais wa Jamhuri ya Azerbaijan,
na Mheshimiwa Nikol Pashinyan, Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Armenia.
Nakala: Moscow, Ankara, Tehran na Washington, ambako kila mmoja kwa wakati wake amebisha hodi.

Waheshimiwa,

Leo inatimia miaka mitano tangu Jumapili ile ya 27 Septemba 2020, mizinga ilipoamka Karabakh, mkoa mliougombea, na kunguruma siku 44. Baku mnaiadhimisha kama siku ya mashahidi wenu. Yerevan kuna kilima cha Yerablur, makaburi ya askari, na leo kina mama watakipanda na maua. Mimi niko Tanga, nimekaa barazani na kikombe cha chai ya rangi, nikaona nami niwaandikie kuhusu mkataba na njia mlivyokubaliana mwezi uliopita. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kirusi changu kimeshika kutu, na Kiazeri sikukijua zaidi ya kile cha sokoni. Wakalimani mnao.

Mtauliza mzee wa Tanga ana nini na milima ya Karabakh. Nilitua Baku Septemba 1984 nikiwa kijana wa miaka ishirini, na sanduku la bati na barua ya ufadhili wa serikali ya Kisovieti. Mwaka wa kwanza tulisomeshwa Kirusi tu, podfak tulivyokuita, kisha miaka mitano ya uhandisi wa mafuta na gesi katika kile Chuo cha Mafuta na Kemia alichopita José Eduardo dos Santos kabla hajawa rais wa Angola. Niliondoka Juni 1990. Kwa hiyo mnaposema "matukio ya 1988" na "matukio ya 1990", mimi nilikuwa humo mjini, kwenye foleni ya mkate.

Chumbani nilikaa na Mwazeri wa Aghdam. Siku za kukosa hela ya sinema tulikaa tukahesabu maneno ambayo Kiazeri na Kiswahili yote yameyapata kwa Mwarabu: kitab, qələm, saat, dünya, səbir. Tulifika arubaini na kitu. Qəbir nalo tuliliandika, kaburi, kama neno lingine lolote. Kiangazi cha 1987 alinipeleka kwao, kwa kibali cha polisi, maana mgeni hakutoka Baku ovyo ovyo. Nikaona msikiti wao wa minara miwili, nikaona makumbusho ya mkate (naam, makumbusho mazima kwa ajili ya mkate), nikapelekwa kumsalimia baba yake aliyelala chini ya mforosadi. Tukasoma Fatiha, yeye kwa mtindo wa Kishia, mimi kwa mtindo wa Kitanga, tukala forosadi hadi midomo ikawa myeusi.

Mtu wa pili ni mwalimu wetu wa hesabu, Mwarmenia mzaliwa wa Baku. Mama yake alifariki majira ya baridi ya 1986. Kwetu jeneza hubebwa kwa zamu, kila mwanamume anatafuta thawabu ya hatua chache. Nikadhani na huko ni vivyo hivyo, nikajipenyeza nikatia bega. Waombolezaji walinishangaa, kisha wakanipisha. Tulimzika upande wa Wakristo, upepo ule wa khazri ukitukata masikio, na chakula cha msiba kilipikwa na majirani zake Waazeri. Kaburi lile ningelifikia hadi leo nikiwa nimefumba macho, kama lipo.

Yaliyofuata mnayajua, ila nayataja kwa ajili ya wasomaji wangu wa huku. Februari 1988 baraza la Karabakh ya Milimani, mkoa uliowekwa ndani ya Azerbaijan mwaka 1923 ingawa wakazi wake wengi walikuwa Waarmenia, lilipiga kura kuomba lihamishiwe Armenia. Wiki moja baadaye umati ulivamia nyumba za Waarmenia huko Sumgait, mji wa viwanda kaskazini kidogo ya Baku. Serikali ilihesabu maiti 32, na bwenini hakuna aliyeiamini hesabu hiyo. Mwaka ulipokwisha, Waazeri wapatao 200,000 waliokuwa wakiishi Armenia walikuwa wamekwisha kufukuzwa au kukimbia, wengine wakivuka milima kwa miguu kwenye theluji. Januari 1990 ikawa zamu ya Waarmenia wa Baku. Mwalimu wetu aliondoka na kivuko cha kwenda Krasnovodsk, ng'ambo ya Bahari ya Kaspi, na mkoba mmoja mkononi. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 20, vifaru vya Moscow viliingia mjini vikaua watu zaidi ya 130. Mwenzangu wa chumbani alirudi alfajiri na koti lenye damu ya mtu mwingine. Kesho yake barabara zilijaa maua mekundu ya mikarafuu ya kwao, na tangu hapo ua hilo siwezi kuliweka nyumbani.

Kisha Muungano wa Kisovieti ukavunjika, na kilichokuwa ugomvi wa wilaya kikawa vita vya nchi mbili. Usiku wa 25 kuamkia 26 Februari 1992, Khojaly, mji wa Waazeri ndani ya Karabakh: Azerbaijan inahesabu watu 613 waliouawa. Julai 1993, Aghdam ikaanguka mikononi mwa Waarmenia, na mji uliokuwa na watu karibu elfu thelathini ukabaki magofu, nondo na milango ya nyumba zikang'olewa na kuuzwa. Minara miwili tu ilibaki imesimama. Mama wa mwenzangu aliishi miaka katika behewa la treni. Baraza la Usalama lilipitisha maazimio manne mwaka huo mmoja, 822, 853, 874 na 884, na hakuna hata moja lililomtoa mama yule kwenye behewa. Vita viliposimama Mei 1994, watu wapatao 30,000 walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni moja wamehama, wa pande zote mbili.

Kwa miaka zaidi ya thelathini likawapo Kundi la Minsk, wasuluhishi wa shirika la usalama la Ulaya (OSCE), likiishia na wenyeviti wenza Urusi, Ufaransa na Marekani. Mwezi huu, tarehe 1, limevunjwa rasmi kwa ombi lenu wawili. Sikumsikia mtu yeyote akililia.

Nawalaumu wakubwa, na nitarudi kwao, lakini naanza na ninyi. Agosti 2019, Mheshimiwa Waziri Mkuu, ulisimama Stepanakert, mji mkuu wa Karabakh, ukasema Artsakh (ndivyo mnavyoiita Karabakh) ni Armenia, nukta. Miezi miwili baadaye, Mheshimiwa Rais, ukajibu ukiwa Sochi kwamba Karabakh ni Azerbaijan, alama ya mshangao. Watu walicheka, wakasema viongozi wanafundishana uandishi. Mwaka uliofuata vijana wapatao 7,000 wa pande zote mbili walikufa kati ya nukta ile na mshangao ule, wengi wakiwindwa na ndege zisizo na rubani zilizotengenezwa Uturuki na Israel, wamejificha kwenye mahandaki yaliyochimbwa kwa akili ya vita vya babu zao.

Sasa hao wakubwa. Moscow iliwauzia silaha nyote wawili, kisha ikaja kuwasuluhisha. Tamko la 10 Novemba 2020 lililosainiwa na Putin pamoja nanyi liliahidi walinda amani 1,960 na njia ya Lachin yenye upana wa kilomita tano, ili Waarmenia waliobaki Karabakh wasikatwe na dunia. Desemba 2022 njia hiyo ikazibwa, kwanza na watu waliojiita watetezi wa mazingira, baadaye na kizuizi rasmi cha Azerbaijan. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru magari yapite. Walinda amani walikuwapo, wakatazama. Miezi tisa watu walipanga foleni ya mkate usiku, na foleni ya mkate naijua. Tarehe 19 Septemba 2023 likaja shambulio la siku moja, na katika wiki moja tu watu zaidi ya 100,000, takriban wote waliokuwa wamebaki, wakapita njia ileile iliyokuwa imezibwa, safari hii ikiwa wazi kwa upande mmoja. Katikati ya msafara huo ghala la mafuta likalipuka karibu na Stepanakert, mji ambao Baku mnauita Khankendi, likaua zaidi ya watu 200 waliokuwa wakisubiri petroli ya kukimbilia. Moscow wakati huo ilikuwa na vita vyake Ukraine, na Ankara na Baku zimekuwa muhimu kwake kuliko mkataba wake na Yerevan. Mlinzi aliyewekwa kulinda huku akili yake iko kwa mwenye duka jirani! Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kucheka: jeshi la Jumuiya yetu liliingia mashariki ya Kongo Novemba 2022, likatoka Desemba 2023, na waasi wa M23 wakabaki.

Na kama ni Kongo, kuna jambo jingine linalotuhusu. Tarehe 27 Juni mwaka huu mawaziri wa Kongo na Rwanda walisaini makubaliano Washington. Wiki sita baadaye, 8 Agosti, ninyi mkawa Ikulu ya mji huohuo, mwenyeji yuleyule, mawaziri wenu wa mambo ya nje wakatia herufi za majina yao kwenye mkataba wa ibara 17. Kule kwetu kivutio kilikuwa madini. Kwenu kilikuwa njia.

Njia hiyo, kwa msomaji asiyeijua, ni kama kilomita 43 kando ya mto Aras, mpakani na Iran, zikikatiza mkoa wa Armenia wa Syunik ili kuiunganisha Azerbaijan na kipande chake cha Nakhchivan kilichotengwa, na kutoka hapo Uturuki. Imepewa jina la Rais wa Marekani. Mimi ni mtu wa mabomba, kwa hiyo njia nazielewa kuliko siasa. Reli humo ilikuwapo: enzi zetu treni ya Baku kwenda Yerevan ilipita Meghri, kisha vita vikaja na vyuma vikang'olewa. Bomba la mafuta la Baku hadi Ceyhan, Uturuki, kilomita 1,768, lilipinda kupitia Georgia kuikwepa Armenia, na kila kona ya bomba ina gharama yake. Hapa kwetu, Chongoleani, linaishia bomba la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na kabla ya chuma kushuka kulikuwa na ugomvi wa lipite wapi. Basi sishangai mkipigania kilomita 43. Ninachokiona ni hiki: tamko la 2020 liliiweka njia hiyohiyo chini ya walinzi wa mpaka wa Urusi, na karatasi ya 2025 imewaita Wamarekani. Katika miaka mitano mlango umebadilisha bawabu, Tehran wanahofia kukatwa na jirani yao wa kaskazini, Ankara wanahesabu malori, na wanakijiji wa Meghri wanasubiri kuambiwa bustani zao za makomamanga zitapitiwa au hazitapitiwa.

Mipaka pia mmekubaliana, ile ya jamhuri za Kisovieti kama ilivyotambuliwa Alma-Ata Desemba 1991. Hilo nalipongeza bila kinyongo. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo Cairo mwaka 1964, Mwalimu Nyerere akiwa mbele: mipaka ya mkoloni ni ya kipuuzi, tuiache ilivyo, tusije tukauana kwa ajili yake. Kwa kiasi fulani ilitusaidia. Lakini mwenye kuukubali mpaka usioupenda lazima apate kitu, angalau ruhusa ya kuuvuka kwenda kuwazuru wazee wake.

Hapo ndipo ilipo barua yangu.

Nimeusoma mkataba wenu, ibara zote 17. Ibara ya tisa inataja watu waliopotea, na nashukuru, maana Azerbaijan peke yake inawatafuta karibu watu 4,000 tangu vita vya kwanza, na Armenia nayo ina mamia yake. Wafungwa sikuwaona humo. Makaburi sikuyaona. Watu waliohama, wa 1988 na wa 2023, sikuwaona.

Hadi Septemba 2025 Azerbaijan ilikiri kuwashikilia Waarmenia 23. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa viongozi wa Karabakh, na tangu Januari 2025 mahakama ya kijeshi ya Baku ilikuwa ikisikiliza kesi zao, ya Ruben Vardanyan ikiwa peke yake. Mheshimiwa Rais, vita umeshinda, ardhi unayo, bendera ziko pale unapozitaka. Wafungwa hao wanakuongezea nini? Na msiniambie kwamba jambo hili ni gumu, kwa sababu mmeshalifanya. Tarehe 12 Juni 2021 Waarmenia 15 walirudishwa kwao, na Armenia ikatoa ramani ya mabomu 97,000 yaliyotegwa ardhini Aghdam. Desemba 2023 askari 32 walibadilishwa kwa wawili, na Armenia ikaunga mkono mkutano wa tabianchi ufanyike Baku. Mnajua bei za wenzenu, mnajua na kupunguziana. Ila ramani ya mabomu isingepaswa kuwa bidhaa. Mheshimiwa Waziri Mkuu, kama bado kuna daftari, shajara au mzee wa jeshi anayekumbuka palipotegwa, toeni leo, bila kudai kitu. Mkulima wa Aghdam anayekanyaga bomu la 1993 hakuwa amezaliwa lilipofukiwa.

Mwenzangu wa chumbani alirudi Aghdam baada ya vita vya 2020, akiongozwa na askari wenye vifaa, kwenye ujia wa utepe mwekundu usiopita upana wa mkeka. Mforosadi haukuwapo. Mawe ya makaburi yalikuwa yamevunjwa, mengine yamechukuliwa. Alilitambua kaburi la baba yake kwa kuhesabu hatua kutoka ukuta wa msikiti. Aliniandikia sentensi mbili tu, halafu kimya cha miezi. Mwaka huu amechangamka kidogo, na si kwa sababu ya Washington: Qarabağ, timu ya Aghdam inayocheza ugenini Baku tangu 1993, imeifunga Benfica mabao 3 kwa 2 kule Lisbon siku kumi na moja zilizopita, baada ya kutanguliwa mawili. Alinipigia simu usiku wa manane akilia.

Mwalimu wetu wa hesabu yeye hakurudi. Alifia Krasnodar, Urusi, na hadi mwisho alikuwa akiniuliza kwa barua kama namjua mtu wa kwenda kumwangalia mama. Novemba mwaka jana kijana niliyemfundisha kazi alikwenda Baku kwenye ule mkutano wa tabianchi. Nikamchorea ramani, nikamwelekeza. Dereva wa teksi aliitazama karatasi yangu, akasema makaburi hayo hayajui, akageuza mazungumzo kuwa ya mpira. Kijana akanirudishia ramani na boksi la paklava.

Ninachoomba hakihitaji bawabu kutoka nje. Ruhusuni mabasi. Waazeri wana Jumanne ya mwisho kabla ya Novruz, siku ya kwenda kwa wafu wao, na sisi wa pwani tunalijua jambo hilo, Makunduchi wana Nairuzi yao. Waarmenia wana siku zao za merelots, kila baada ya sikukuu kubwa. Chagueni siku moja ya hawa na moja ya wale. Majina yaandikwe, pasi zikaguliwe, askari wakae mbali, basi moja lianze Yerevan kwenda Stepanakert, Khankendi mkipenda, na jingine lianze Baku kwenda vijiji vya Armenia walikozikwa wazee wa Waazeri waliofukuzwa 1988. Baku mnadai haki ya hao kurudi Armenia, na Yerevan umesema hadharani kwamba kurudi kwa watu wa Karabakh ni mjadala usiofaa kuendelezwa sasa. Sawa. Siwaombi kurudi. Naomba muda wa saa tatu tu na maji ya kuoshea jiwe.

Mtasema milango hiyo haijawa tayari. Daraja la Margara, kati ya Armenia na Uturuki, lilikuwa limefungwa kwa miaka thelathini. Februari 2023 tetemeko lilipoua maelfu Uturuki, lilifunguliwa kwa siku kadhaa, malori ya msaada ya Armenia yakapita, pamoja na uchungu wote ulioko kati ya mataifa yale tangu mauaji ya Waarmenia ya 1915. Halikuhitaji mkataba wa ibara 17. Lilihitaji mtu mmoja kila upande kunyanyua simu.

Na wakati mnaandaa mabasi, toeni amri ya kuacha kuvunja. Mawe ya misalaba ya Julfa, kule Nakhchivan, yalisagwa mpaka likabaki uwanja mtupu. Makaburi ya Waislamu ya Karabakh yalikanyagwa miaka ishirini na saba. Hamdaiani hapo.

Ramani yangu ninayo bado. Nimeichora upya, kwa kalamu nyeusi, nikaandika Kirusi vizuri kadiri ya uwezo wangu: lango, mti, safu ya nne, jiwe la kijivu lenye picha ya mwanamke aliyevaa kilemba. Nimeiambatisha na nakala ya barua hii inayokwenda Baku. Ofisi yako, Mheshimiwa Rais, ikimtuma mtu mmoja asubuhi moja, atajua ndani ya robo saa kama jiwe lipo au halipo. Jibu lolote nitampelekea binti wa mwalimu, Krasnodar. Ameshasema hata kama ni "halipo", angependa kuandikiwa.

Wenu katika kusubiri,
Mstaafu wa gesi, Tanga